Nani Aliyeichagua Picha?

Alasiri ya Januari 15, 2019, washambuliaji walipouvamia kwa mabomu na bunduki ua wa 14 Riverside Drive, ambamo imo hoteli ya DusitD2 pamoja na mikahawa na afisi nyingi, sisi tulio Kileleshwa, ambao hatutengwi na mtaa ule ila kwa bonde la Mto Nairobi na miti iliyosazwa na wajenzi wa magorofa, tuliusikia mlipuko kwa masikio yetu kabla habari yake haijafika redioni. Usiku kucha milio ya risasi ilikoma na kuanza tena. Na kulipopambazuka, kadhia ile ikatangazwa kuwa imekwisha, hesabu ya waliouawa iliendelea kupanda hata ikasimama katika watu 21. Hao walikuwa watu waliotoka majumbani mwao kwenda kutafuta riziki, na jamaa zao waliwatafuta hospitalini, kisha wakaenda kuwatafuta katika chumba cha maiti cha Chiromo.

Wakati jamaa wengine walikuwa hawajajua kama mtu wao yu hai au amekufa, gazeti la New York Times lilikuwa limekwisha kutoa mtandaoni picha iliyopigwa na mpiga picha wa shirika la Associated Press, iliyoonyesha maiti walioinamia meza za mkahawa, katika hali ambayo mtu aliyewajua angeweza kuwatambua bila ya kuambiwa majina yao. Ghadhabu iliyozuka nchini haikuwa ya mchezo. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya liliandika barua kulitaka gazeti hilo liiondoe picha ile, na likatishia kuwanyang'anya waandishi wake vibali vya kufanya kazi hapa; wahariri wa New York wakajibu kwamba ni wajibu wao kuwaonyesha wasomaji ukatili wa tendo lenyewe jinsi ulivyo, na picha hawakuiondoa. Katikati ya majibizano hayo umma ukamshika mtu mmoja: mwandishi aliyekuwa ameteuliwa kuiongoza afisi ya gazeti lile mjini Nairobi, ambaye jina lake lilikuwa juu ya habari. Alitukanwa maelfu ya mara, na watu wakatia saini ombi la kutaka afukuzwe nchini, ilhali picha ile hakuipiga, wala hakuichagua, wala hakuwa na mamlaka ya kuiondoa.

Naiona ghadhabu ile kuwa ya haki, na sitaki mtu anisome vinginevyo. Katika mila zetu zote, za pwani na za bara, maiti husitiriwa. Hufunikwa kwa nguo yoyote iliyo karibu, hata ikiwa ni leso ya mpita njia, na habari ya mauti hupelekwa kwa jamaa na mtu mzima anayejua namna ya kuisema. Kumpokonya mama haki ya kupewa habari ya mwanawe kwa staha, akaikuta katika simu kati ya tangazo la viatu na habari za mpira, ni dhuluma, na haipungui kuwa dhuluma kwa sababu mhariri aliyeitenda alikuwa mbali na nia yake ilikuwa njema. Vilevile yalikuwa ya haki maswali yaliyoulizwa siku zile: je, gazeti lile lingewaonyesha hivyo raia wa nchi yake, wakiwa bado wamekaa vitini walipofia, kabla jua halijachwa? Msiba wa watu wa mbali umezoewa kutazamwa bila ya kubisha hodi, na mazoea hayo ni ya miaka mingi.

Lakini ghadhabu ya haki ilipotafuta mtu wa kuangukia ikamkosa aliyetenda, ikamwangukia aliyeonekana. Hilo ndilo jambo linalonishughulisha, kwa kuwa nimeliona likirudiwa katika kila mzozo wa picha, hapa kwetu na kwingineko: tunamjua aliyeipiga picha, kwa sababu jina lake huandikwa chini yake kwa herufi ndogo, tunamjua aliyeandika habari, kwa sababu jina lake huandikwa juu, lakini yule aliyekaa mbele ya picha mia mbili akasema, ‘itoke hii,’ huyo hatumjui, na hakuna mahali popote alipoandikwa.

Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huingia pale ambapo sisi sote tunatoka. Haambiwi afumbe macho, kwa maana akifumba macho kazi yake haitakamilika. Huona kila kovu na kila jeraha, na akitoka nje huinama akanawa mikono asiseme neno. Kazi ya mpiga picha wa habari inafanana na hiyo katika nusu yake ya kwanza. Anapofika mahali pa msiba hana budi kupiga kila akionacho, maiti na majeruhi, askari na waliokimbia, kwa kuwa saa ile hajui ni picha ipi itakayokuja kuwa ushahidi mbele ya hakimu, na ipi itakayothibitisha kwamba jambo lililokanushwa lilitendeka. Mpiga picha anayejizuia kupiga kwa kuwaonea watu haya ameiacha kazi yake, ingawa moyo wake ni mwema. Katika nusu ya pili ndipo hayo mawili yanapoachana: mwosha mwenyewe ndiye anayeamua kunyamaza, bali mpiga picha hupeleka alichokiona kwa mtu mwingine, na ni huyo mwingine anayeamua kitasemwa nini, saa ngapi, na kwa nani. Kwa hiyo lawama ya kilichosemwa haiwezi kuwa ya mpiga picha peke yake, na mara nyingi si yake hata kidogo.

Nchi hii imezika wapiga picha wa kutosha kuijua hatari ya lawama iliyopotea njia. Mnamo Julai 12, 1993, mjini Mogadishu, helikopta za jeshi la Marekani ziliipiga kwa makombora nyumba walimokuwa wamekutana wazee na wafuasi wa Jenerali Aidid, na waandishi wakaenda kupiga picha za maafa yale. Umati uliokuwa umefiwa dakika chache kabla ukawageukia waliobeba kamera. Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wa shirika la Reuters, waliuawa pale, pamoja na Dan Eldon, kijana aliyelelewa Nairobi, na Hansi Kraus, Mjerumani wa Associated Press. Waliorusha makombora walikuwa angani, hawafikiki. Waliokuja kuuonyesha ulimwengu makombora yalichofanya ndio waliofikika kwa mawe na marungu. Miaka 25 kabla yao, Oktoba 1968, Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepiga picha za miaka ya Hali ya Hatari na za kupatikana kwa uhuru, aliuawa kwa risasi katika vita vya Biafra. Nyingi katika picha zake zilikaa miongo kadhaa gerejini hapa Nairobi kabla hazijafunguliwa na kuonyeshwa kwa umma; na huko nako kulikuwa kupoteza, ingawa si kwa kutumia vibaya bali kwa kusahau.

Picha hubadilika maana kwa yule anayeichagua, na katika historia yetu hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Dedan Kimathi. Alipokamatwa Oktoba 21, 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi, alipigwa picha akiwa amelala chini, mikono imefungwa pingu, na serikali ya kikoloni ikaieneza picha hiyo vijijini ili watu wamwone shujaa wao akiwa amedhalilika, wakate tamaa. Hii ilikuwa picha iliyochaguliwa kwa makusudi ya kuvunja nyoyo. Miezi minne baadaye, Februari 18, 1957, Kimathi alinyongwa Kamiti. Leo vijana huivaa picha ile ile vifuani mwao, nywele zile zile na macho yale yale, kama alama ya kutosalimu amri. Na sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 2007, imesimama katikati ya jiji, katika mtaa unaoitwa kwa jina lake, ambao pia ndio mtaa wa Nation Centre, jumba ambamo wahariri wamekuwa wakichagua picha zetu za kila asubuhi. Hakuna mstari uliobadilika katika picha yenyewe. Waliobadilika ni waliosema, ‘itoke hii,’ na haja waliyokuwa nayo walipoitoa.

Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa 1943, alijua jambo hilo kwa upande wa baraka na kwa upande wa dhara. Picha alizopiga Korem, nchini Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984, akiwa pamoja na Michael Buerk wa BBC, zilionyeshwa Oktoba 23, na kutoka hapo zikazunguka dunia, zikazaa michango ya mamilioni na tamasha la Live Aid la Julai mwaka uliofuata. Watu waliokuwa wafe hawakufa, na fadhila hiyo haifutiki. Lakini baada ya njaa ile kupita, sura za watoto waliokonda ziliendelea kuchaguliwa, mwaka baada ya mwaka, na mashirika ya misaada na wachapishaji waliotaka kuigusa mifuko ya watu. Mtoto akatolewa jina lake, akatolewa kijiji chake, akatolewa hata mwaka wake, akabakishwa mbavu na macho tu, akaitwa Afrika. Amin hakuyataka hayo. Yeye aliijua kazi yake kuwa ni kupeleka habari ya mahali fulani katika siku fulani, na aliilipia: mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa alikatika mkono wa kushoto, na mwenzake John Mathai, fundi wa sauti, akafa papo hapo kazini, na Novemba 23, 1996, Amin mwenyewe alikufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Komoro, alipokuwa akirudi nyumbani.

Huko kukatwa kwa jina, mahali na tarehe ndiko matumizi mabaya yanayofanywa zaidi siku hizi, na si magazeti ya ng'ambo yanayoongoza. Kila maandamano yanapoanza hapa jijini, picha za miaka iliyopita, na pengine za nchi nyingine, hutolewa maelezo yake ya asili na kuvishwa mapya, zikapitishwa simu kwa simu kama za asubuhi hiyo. Na wahakiki wa habari kama wale wa PesaCheck na Africa Check hutumia siku nzima kuurudisha ukweli ambao mtu mmoja aliuondoa kwa dakika moja. Siku ya Riverside, sisi tuliokuwa tukilishutumu gazeti la New York tulikuwa tukipokea na kupeleka, katika vikundi vya WhatsApp vya wakaazi wa mitaa hii hii, picha mbaya kuliko ile, bila ya jina la mpigaji, bila ya hadhari kwa mwenye kufungua, na bila ya kujiuliza kama katika kikundi hicho yumo mke au ndugu wa marehemu. Mwenye kubonyeza na kupeleka naye amechagua. Siwezi kuidai New York insafu ambayo sikuidai kwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu.

Sheria zipo, tena si haba. Katiba ya 2010 imelinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na katika vifungu vya 28 na 31 imelinda hadhi na faragha ya kila mtu, ikayaacha mawili hayo yavutane kama yanavyopaswa kuvutana katika nchi huru. Kanuni za maadili zilizoambatishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliwataka wanahabari wawe na hadhari katika picha na majina yanayoweza kuwadhuru watu, na waziepuke picha za majonzi na maafa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imewaachia waandishi nafasi yao panapokuwa na manufaa ya umma, lakini haikumwachia nafasi hiyo mfanyabiashara: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliutoza mkahawa wa Casa Vera wa hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake, na Roma School shilingi 4,550,000 kwa kuzitangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Adhabu hizo zilikuwa za haki, na zimewafunza wengi kuuliza kabla ya kutangaza.

Kwa upande wa mpiga picha mwenyewe sheria ni njema katika karatasi na dhaifu katika maisha. Sheria ya Hakimiliki inaihifadhi picha kwa miaka 50, na inaruhusu itumiwe katika kueleza habari za wakati huo kwa sharti la kutaja chanzo. Aidha inampa mwenye kuipiga haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeipiga, na haki ya kupinga isiharibiwe, haki ambazo hazihami kutoka kwake maadamu yu hai, hata akiwa ameiuza. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa katika ajira, ni mali ya aliyeiagiza au aliyemwajiri, isipokuwa pawe na mapatano mengine. Na kijana wa kujitegemea, anayelipwa kwa picha iliyochapishwa na asiyelipwa kwa risasi za mpira alizozikwepa ili kuipata, aghalabu hana karatasi yoyote ya mapatano. Picha yake ikichukuliwa na mwanasiasa, jina lake likakatwa pembeni, ikawekwa juu ya bango na maneno ambayo hakuyasema, atakwenda kumshtaki nani, kwa fedha gani? Ninawajua vijana wa namna hiyo. Wanakaa vyumba vya kukodi, kamera ni ya mkopo, na baada ya siku ya mabomu ya machozi wanaitafuta kazi yao katika kurasa za watu wengine wakiikuta haina mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba, mambo yakiwa hivi, afadhali kamera zipunguzwe mahali pa msiba na pa ghasia. Kauli hiyo naikataa kabisa. Juni 17, 2025, katikati ya jiji hili, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi kwa umbali wa mikono michache, akafa hospitalini baada ya wiki mbili. Kamera zilikuwapo, za waandishi na za watu wengine. Jambo lilionekana, halikuweza kukanushwa, na afisa mmoja akafikishwa mahakamani. Bila ya kamera hizo wangeweza kusema ameanguka. Picha za namna hiyo sharti zipigwe, na nyingine katika hizo sharti zitolewe, hata ikiwa zinatuumiza macho, kwa sababu zinamtetea marehemu dhidi ya waliomuua. Hapo ndipo tofauti ilipo baina ya picha ile na picha ya Riverside: maiti wa mkahawani hawakuwa na mtu wa kumkanusha, kwa kuwa kosa la waliowaua lilikuwa dhahiri kwa ulimwengu mzima, na kuonyeshwa kwao hakukuwaongezea haki yoyote. Kupambanua mawili hayo ni kazi ya hukumu, wala hapana kanuni iwezayo kuifanya kwa niaba ya mtu. Ni lazima pawe na mtu, na mtu huyo ajulikane.

Basi ombi langu ni moja. Chini ya kila picha ya mauti, ya majeruhi, ya mtoto, au ya mtu aliye katika fedheha, kando ya jina la aliyeipiga, liandikwe jina la mhariri aliyeichagua. Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo ndilo linalotoa vibali kwa waandishi wa nje na wa ndani, lina uwezo wa kulifanya sharti hilo kuwa sehemu ya kibali. Na kwa gazeti la kigeni lenye afisi Nairobi, Baraza lidai tangu mwanzo jina la mtu, popote alipo, atakayejibu kuhusu picha, ili siku ya msiba barua isiandikwe kwa taasisi isiyo na uso, na matusi yasimwangukie asiyehusika. Nimeambiwa na mhariri mmoja ninayemheshimu kwamba jambo hili litawatia hatarini watu wanaokaa dawatini. Nimelifikiri neno lake, na jawabu langu ni kwamba hatari hiyo haitaanza siku hiyo. Ipo tangu zamani, na imekuwa ikibebwa na mpiga picha aliye barabarani, ambaye ujira wake ni mdogo kuliko wa wote. Mtu akijua kwamba jina lake litasomwa na wafiwa, ataitazama picha mara ya pili, ataipigia simu hospitali kuuliza kama jamaa wamekwisha ambiwa, na huenda akachagua ile ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Akiona bado kwamba picha ya maiti ndiyo inayostahili, na aitoe, kisha asimame nayo.

Gazeti hili halihitaji kungoja Baraza wala Bunge ili kuanza. Lina meza ya picha, na mezani pana mtu mwenye jina. Naliomba lianze na toleo la kesho.